Gari inagonga? Usikubali injini ishushwe kabla haijasikilizwa

Haya ni maneno niliyoongea na madereva na wenye magari ya watalii hapa Arusha, kipindi hiki cha masika magari mengi yamelala. Nimeyaandika vilevile yalivyotoka mdomoni.

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Nimeambiwa niongee habari ya milio ya injini na gari kutetemeka, na hii mvua ikizidi juu ya mabati mtakuwa hamnisikii, kwa hiyo nakwenda haraka, asiyesikia anyooshe mkono.

Naongelea injini za dizeli za zamani za Toyota, zile tunazozijua wote humu ndani. 1HZ, ile silinda sita ya lita 4.2 iliyobeba watalii wa nchi hii tangu miaka ya 90, alafu 3L na 5L za Hiace na Hilux, alafu 1KZ za Prado na Surf. 1KD nitaigusa baadae manake ile ina mambo yake na kuna kitu ukikifanya kule kama unavyokifanya kwenye 1HZ unaweza ukapoteza kidole, au mkono kabisa.

Nilichokuja kusema ni hiki. Gari ikianza kugonga, mtu wa kwanza atakayeiskia atakwambia beringi zimekwisha, injini inanoki, shusha. Na we kwa sababu umeshikwa na hofu na wageni wanatua kesho uwanja wa ndege wa KIA, unakubali. Injini inashushwa, inafunguliwa, inapigwa ovahoo, unatoa mamilioni, inarudishwa, inawashwa, na bado inagonga vilevile. Kwanini? Kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye nozo, ile inayopuliza dizeli kwenye silinda, au hewa kwenye laini ya dizeli, au puli ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imeachana mpira wake. Haya mambo yapo, na nyie wenyewe hapa mnachekeana mnajuana. Mi siwalaumu mafundi peke yao, mwenye gari naye ana haraka, anataka jibu kabla swali halijaulizwa.

Sasa tuelewane kwanza kwanini dizeli inapiga kelele. Dizeli haina plagi za cheche. Inavuta hewa tupu, inaibana mara ishirini na ushee, kwenye 1HZ ni karibu mara 22, na hewa ikibanwa hivo inapata moto wa zaidi ya nyuzi 500, nozo inapuliza dizeli pale ndani na inalipuka yenyewe. Huo mlipuko ndo ule mlio wa tak tak tak unaousikia asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ni wa kawaida, ikipata moto unapungua. Kwa hiyo dizeli kugonga peke yake sio ugonjwa. Ugonjwa ni mlio uliobadilika, au mlio wa silinda moja unaozidi wenzake.

Nozo nzima inapuliza ukungu. Nozo iliyochoka inakojoa. Dizeli inaingia matone matone, inajikusanya, alafu inalipuka yote kwa mpigo na hapo unasikia mgongano wa chuma kabisa, kama mtu yuko ndani na nyundo. Ndio huo unaowatisha watu wakadhani bigi endi, yaani beringi za pale mkono wa pistoni unaposhika krenki. Na pampu nayo ikifungwa taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli, ikawahi sana, injini nzima inagonga kwa ukali, ikichelewa unapata moshi mweupe na gari haina nguvu. Kwa hiyo nusu ya kugonga kwa dizeli inatoka kwenye mafuta, haitoki kwenye vyuma.

Kabla hujafungua boneti jiulize: imeanza lini, na kabla haijaanza tulifanya nini? Hili swali watu wanalidharau na ndo linalookoa pesa kuliko yote. Imeanza baada ya kujaza mafuta kituo fulani? Fikiria maji au mafuta mabaya. Imeanza baada ya kubadilisha filta ya dizeli? Fikiria hewa. Imeanza siku mkanda wa taimingi umebadilishwa? Hesabu meno, yawezekana limeruka moja. Baada ya kuvuka maji? Baada ya pampu kutoka kwa fundi? Dereva anajua haya yote, ila akifika gereji anasema tu "fundi, gari inagonga," anatoa funguo anaenda kunywa chai. Suka, we dereva, kaa hapo. We ndo uliyekuwa nayo porini, fundi hakuwepo.

Alafu sikiliza. Iache sailensi, yaani izunguke yenyewe bila kukanyaga mafuta, usiipige resi. Injini ya 1HZ sailensi inazunguka kama mara 650 mpaka 700 kwa dakika. Kamshafti, ile inayofungua valvu, inazunguka nusu ya hapo, kila silinda inalipuka nusu ya hapo. Kwa hiyo valvu na nozo mlio wake ni wa taratibu, kama mara sita kwa sekunde hivi, na vitu vya kwenye krenki, puli, flaiwili, mara nyingi vinakwenda na mwendo wa krenki wenyewe, mara mbili ya ule. Sikio linahitaji kuzoea lakini mkizoea mtaona tofauti. Chukua bisibisi ndefu, ncha weka kwenye chuma, mpini weka nyuma ya sikio. Pita juu kwenye kava la valvu, pita kwenye kila nozo, pita pembeni kwenye bloku, shuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini. Pale inapogonga kwa nguvu kuliko kwingine ndo jirani na ugonjwa. Angalieni feni na mikanda, na wale wenye shanga shingoni au skafu mvue kwanza, sitanii.

Kuna mlio mwingine unadanganya sana, ule wa chaf chaf chaf ukikanyaga mafuta. Watu wanasema valvu. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine pitisha kwenye manifoldi ya ekzosti. Ikipuliza sikioni hapo gasketi ya manifoldi imeungua, au chini ya nozo panavuja. Mara nyingi utaona na masizi meusi pale pale.

Haya, sasa kazi yenyewe. Kwenye hizi injini za pampu ya zamani, 1HZ, 5L, hata 1KZ, unaweza kuzima silinda moja moja. Spana namba 17, unalegeza nati ya bomba la dizeli pale juu ya nozo, nusu mzunguko tu, na kitambaa umeshika na miwani umevaa. Dizeli inatoka nje, silinda ile haipati mafuta. Sikiliza injini imebadilika vipi, kaza, nenda ya pili.

Hapa nitakaa kidogo manake ndo penye utajiri. Kama gari inatetemeka, inamisi, na ukalegeza silinda namba tatu injini haikubadilika chochote, basi hiyo tatu ilikuwa imeshakufa, haifanyi kazi. Ukilegeza nzima, injini inalegea zaidi, unaisikia. Sawa. Na kama tatizo ni kugonga, ukalegeza namba tano mlio ukapotea, umeshajua silinda. Lakini bado hujajua kama ni nozo au ni beringi, na hapa ndo wengi wanakosea wanasherehekea mapema. Kwa sababu hata bigi endi iliyochoka, ukiiondolea mlipuko mlio unapungua, pistoni haipigwi tena kwa nguvu. Kwa hiyo fanya hivi, toa nozo ya tano peleka mbili, ya mbili leta tano, weka rinki (washa) mpya chini ya nozo zote mbili, kisha washa injini. Mlio umehamia mbili? Ni nozo, nenda kwa mafundi wa pampu wakaipime kwenye mashine yao, lala usingizi. Mlio umebaki tano? Hapo sasa ndo tuanze kuongea habari za chini. Na ukilegeza zote moja moja mlio haukubadilika hata kidogo, achana na silinda, tafuta tapeti, zile zinazosukuma valvu, mikanda, puli, au kitu kinachoning'inia.

Hiyo kazi yote haifiki hata nusu siku. Kushusha injini ni wiki.

Kuhusu hewa. Gari inawaka vizuri alafu baada ya dakika inazima. Au inapanda inashuka yenyewe sailensi. Au ukiilaza kilimani pua juu, asubuhi haiwaki mpaka upampu kwa mkono pale juu ya filta. Hiyo ni hewa inaingia, na hewa inaingia hata pale ambapo dizeli haivuji, kwa sababu upande ule pampu inavuta, haisukumi. Usisubiri kuona unyevu. Mipira ya dizeli ya gari ya mwaka 94 imeshakauka, klipu zimelegea, na ile pampu ya mkono sili yake ya ndani inachoka. Weka kipande cha mpira mweupe wa kuonyesha kabla ya pampu uangalie mapovu. Au njia ninayoipenda mimi, chukua dumu la lita tano, jaza dizeli safi, liweke juu kuliko pampu, vuta mpira kutoka dumu mpaka pampu moja kwa moja, ruka tenki na kila kitu, hata filta ruka kwa dakika hizo chache, bora dizeli ya dumu iwe imechujwa vizuri. Gari ikitulia, injini yako nzima, pampu yako nzima, ugonjwa uko nyuma huko kwenye tenki, bomba au filta. Dumu na mpira, basi.

Maji je? Chini ya filta pana kikoki. Fungua, kinga kwenye chupa ya kuonyesha, acha itulie. Maji yanakaa chini, dizeli juu, utaona mstari. Wale mnaojaza kutoka kwenye mapipa ya kambini, msitumbukize bomba la pampu mpaka chini kabisa ya pipa, maji na uchafu wote uko pale. Na msilaze gari tenki likiwa tupu wiki nzima kwenye baridi ya Ngorongoro.

Mtu ananiuliza hapa mbele habari ya kuchakachua. Wa zamani tunakumbuka dizeli ilivyokuwa inachanganywa na mafuta ya taa mpaka EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambua mafuta halali, mwaka 2010. Afadhali imepungua, lakini muelewe ubaya wake: hizi pampu hazina oili yake ndani, zinalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi, pampu inajisaga taratibu. Kwanza gari inakuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, ya baridi inawaka, hiyo ndo dalili ya pampu iliyochoka ndani.

Moshi nitapita haraka maana wengi mnaujua. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na kwa sisi wa Serengeti kitu cha kwanza ni filta ya hewa, lile vumbi la kutoka Naabi kwenda Seronera linajaza filta kabla hata ya kilomita za sevisi. Na mkipanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 na kitu, hewa kule ni nyembamba, 1HZ isiyo na tabo lazima itoe moshi mweusi kidogo, usimwambie fundi apunguze mafuta alafu ukashangaa gari haipandi. Bluu ni oili. Mweupe wa asubuhi unaoambatana na kutetemeka na unaisha baada ya dakika chache, angalia hita plagi, zile za kupasha silinda moto, kwanza, moja au mbili zitakuwa zimekufa. Zikiwa nzima zote, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye kila silinda, na hapo msitafute namba kubwa tu, tafuta silinda iliyo tofauti na wenzake.

Kwenye kompresheni niongeze kitu kuhusu tapeti. Dereva akisikia tapeti zinalia analalamika. Valvu inayolia ina nafasi kubwa, inapoteza nguvu kidogo, inakera. Lakini iliyobana hailii kabisa, iko kimya, haifungi vizuri, inavujisha mgandamizo na inaungua. Injini ya zamani iliyokuwa inalia alafu ikanyamaza yenyewe bila mtu kuigusa, mimi hiyo inanitia wasiwasi kuliko inayolia. Pimeni nafasi za valvu kama kitabu cha injini kinavyosema, tena ikiwa ya baridi.

Moshi mweupe usioisha na maji yanapungua rejeta, hilo ni gasketi au silinda hedi. 1KZ wenye nazo mnajijua. Silinda hedi zake zinapasuka zikichemsha. Dalili ya mapema ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu asubuhi dakika chache tu baada ya kuwasha, maji hata hayajapata moto, presha imetoka wapi? Imetoka kwenye silinda. Na silinda moja iliyolala na maji usiku, asubuhi itamisi kama nozo mbovu, kwa hiyo kabla hujanunua nozo angalia maji.

Mkanda wa taimingi. 1HZ, 5L, 1KZ zote zina mkanda, unabadilishwa kila kilomita 100,000 na kuna taa inawaka kwenye dashibodi. Tatizo ni kwamba taa ile inaweza kuzimwa na mtu bila kubadilisha mkanda. Gari umeinunua imetumika, huna karatasi, badilisha, usiulize. Ukikatika valvu zinakutana na pistoni na hapo hamna cha kusikiliza tena. Beringi ya kukazia mkanda ikichoka inalia wiiii mbele ya injini, na mkanda uliolegea unapigapiga kava kwa ndani, mlio kama wa karatasi.

Sasa vitu vinavyojifanya bigi endi. Puli kubwa ya krenki ina mpira katikati, mpira ukiachana inagonga kama krenki imevunjika. Iangalie injini ikizunguka, ukiona inayumba ndo yenyewe. Otomatiki, ile sahani inayounganisha krenki na giaboksi ikipasuka au bolti zikilegea inagonga mpaka mwenye gari analia. Injini mauntingi iliyokatika, ekzosti inayogusa chesisi. Alteneta. Toa mikanda ya nje ya mbele yote, sio wa taimingi, washa chini ya dakika moja, isizidi kwa sababu pampu ya maji haizunguki, sikiliza. Mlio umeondoka, umeokoa injini.

Na bigi endi ya kweli? Ipo, sikatai. Mlio mzito wa chini, duu duu duu, unazidi injini ikiwa ya moto na ukiipa mzigo, na mshale wa oili presha unalala sailensi. Land Cruiser 80 za tabo, 1HD-T za miaka ya mwanzo ya 90, zilijulikana kwa beringi hizo kuisha mapema. Ukiona mshale umelala na mlio mzito upo, zima. Usisema nifike Karatu, usisema nifike Mto wa Mbu. Zima hapo hapo, ita gari ya kuvuta. Beringi tu ni pesa ya kuongea, krenki iliyokwanguliwa na bloku iliyotobolewa ni injini nyingine. Kuhakikisha, toa filta ya oili, ikate kwa msumeno, tandaza ile karatasi juani. Ukiona inametameta unga wa rangi ya shaba au fedha, hapo shusha injini na mimi nitakusaidia kubeba.

1KD sasa, Prado 120 na Hilux Vigo. Ile ni komoni reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta, zile nozo zake, zote. Nozo za zamani zinafunguka kwenye presha ya baa mia na kitu, reli ile inakwenda zaidi ya baa 1,000. USILEGEZE nati injini ikiwa inawaka. Dizeli ya presha ile inapita kwenye ngozi kama sindano, jeraha unaliona dogo kama la mwiba, na ukichelewa hospitali mkono unakatwa. Kule unasoma kwa mashine, unaona kila injekta inasahihishwa kiasi gani, na unapima marejesho, unaweka chupa kwenye kila injekta uone ipi inarudisha dizeli nyingi. Kitu kingine cha 1KD ni zile washa za kopa chini ya injekta, zikivuja moto unapita, masizi yanaingia kwenye oili, yanakwenda kuziba chujio ndani ya sampu, oili haipandi, injini inanoki kweli. Kwa hiyo 1KD inayogonga na oili imekuwa nzito kama lami, fungua sampu uangalie chujio kabla ya kufukuzana na injekta peke yake.

Dada wa pale nyuma kauliza injini ikikimbia yenyewe ufunguo umetoa. Hiyo mara nyingi ni gari ya tabo, sili ya tabo imekufa, injini inakunywa oili yake yenyewe kama mafuta, ufunguo hauna kazi. Gari ya manuali, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi izime. Otomatiki, ziba hewa, tia ubao au turubai lililokunjwa kwenye mdomo wa kuingizia hewa, sio mkono. Ikishindikana kaa mbali, chuma kinanunuliwa.

Haya, nje pale kuna 1HZ ya mzee wetu mmoja, inatetemeka sailensi na inatoa moshi mweupe asubuhi. Sijaigusa na wala sijui silinda gani. Hita plagi tutazipima kwanza, alafu spana 17 nitampa mmoja wenu alegeze mwenyewe, wengine msikilize mniambie ni namba ngapi. Miwani ziko mbili tu, kwa hiyo wawili wawili kwenye injini, na wenye kandambili wasimame upande wa pili.